Makopo ya Bi Firdaus

Mgeni akiingia Majengo, pale Machakos mjini, akauliza nyumba ya marehemu Zubair fundi cherehani, alionyeshwa kwa kidole. Akiuliza nyumba ya Bi Firdaus, aliambiwa aende tu, harufu itampokea njiani. Mwenyewe alijua watu husema hivyo, na alijifanya hapendi. "Watu wa mji huu hawana kazi," angesema, huku uso wote umemchanua.

Harufu yenyewe haikuwa ya udi wala ya uturi. Ilikuwa ya majani. Nyuma ya nyumba palikuwa na bomba lililovuja, ambalo Bi Firdaus alikataa katakata lisitengenezwe, na chini yake nanaa ilikuwa imejitandaza itakavyo. Mchaichai ulijaa kando ya ua. Mrihani aliupanda kwenye debe mlangoni, kwa sababu alisema mlango usio na mrihani ni tundu tu la kuingilia. Majani hayo aliyachuma, akayakausha, akayatia makopo, na makopo akayapanga katika kabati moja refu lililosimama ukumbini. Chai ya futari ya nusu ya Majengo ilitoka katika kabati lile. Mtoto akikohoa kwa jirani Nduku, ambaye ni Mkatoliki na muuza maembe sokoni, mama yake alikuja na kikombe kitupu. Aliyejifungua alipelekewa, aliyefiwa alipelekewa, na hakuna aliyewahi kuambiwa bei.

Bi Firdaus alikuwa na sheria zake, na sheria hizo hazikuwa na rufaa. Majani huchumwa umande ukishakauka na jua halijapata makali. Hufungwa mafungu membamba, maana fungu nene huoza katikati huku nje likijifanya limekauka. Huanikwa kichwa chini kivulini, penye upepo. Yeye aliyaning'iniza ukumbini kwa nyuzi alizoacha Zubair, za kila rangi, hata mgeni akiingia ilimbidi ainame. Jua aliliachia nguo. Na majani yakikauka hayavunjwi. Hupukutwa mazima mazima, yakalala koponi kama yalivyo. "Harufu imefungwa ndani ya jani," alikuwa akisema. "Ukilivunja leo, kesho utakunywa nini?"

Lakini sheria kubwa kuliko zote ilikuwa puani mwake. Wenzake walijua jani limekauka kwa kulikunja likavunjika. Yeye alilinusa. Jani lenye maji lina harufu ya bustani, alisema, na jani lililokauka lina harufu ya nyumba, na likitiwa koponi kabla halijafika nyumbani litaota ukungu. Akisimama chini ya fungu, akafumba macho, akavuta pumzi, akasema "Bado," basi ilikuwa bado, hata kama wewe ulikuwa unaliona limekauka kau.

Zubair alipofariki, nyumba ikawa ya mwanawe Jamal, fundi kama baba yake. Magoti yalipoanza kumsumbua Bi Firdaus, jiko nalo likawa la mkamwana, mke wa Jamal. Hakuna aliyemnyang'anya kitu. Ndivyo umri unavyokwenda, unatoa funguo moja moja mpaka unabaki na ule wa sanduku lako. Ila makopo yalibaki yake. Asubuhi alipoamka alijua kuna kitu kinamngoja, na watu walipobisha hodi walimtaka yeye.

Mkamwana huyo alizaliwa Kavindu, huko Kathiani, katika nyumba ya wakulima wa mahindi na kunde. Alipoolewa na Jamal alisilimu, akaitwa Faiza. Alikuwa mpole, mwenye mikono mikubwa ya kazi na maneno machache. Katika wiki zake za mwanzo alitaka kumfurahisha mama mkwe, na hapo ndipo alipoharibu. Bi Firdaus alikuwa amekwenda matangani. Faiza akachuma nanaa karai zima, akaianika juu ya mabati saa sita mchana, kama mama yake anavyoanika majani ya kunde. Ikakauka siku hiyo hiyo, rangi ya ugoro. Akaitia koponi, na kwa kuwa kwao hakuna kitu kinachowekwa ghalani bila kukingwa na wadudu, akaichanganya na majivu.

Bi Firdaus aliporudi alikuta wanawake wa msikitini wamekuja kumsalimu. Akafungua kopo mbele yao. Angeweza kulifunga. Badala yake alilimimina lote kwenye sinia, likatoa vumbi, akasema, "Njooni muone chai ya Kathiani!" Wanawake walicheka mpaka machozi. Faiza naye alicheka, kisha akaenda jikoni, na tangu siku ile hakugusa kopo tena. Hadithi ya majivu ilizunguka Majengo miaka na miaka, na kila iliposimuliwa mbele yake Faiza alicheka tena, kwa adabu.

Basi ikaja mvua ile ya mwaka tisini na saba, mvua ya Elinino. Ilianza kama baraka ikaendelea kama adhabu. Vilima vya Iveti vilifunikwa wiki nzima nzima, njia ya Kathiani ikawa tope la kumeza magurudumu, na ndani ya nyumba kuta zilitoa jasho. Watu waliugua mafua yasiyosikia dawa. Bi Firdaus alilala kitandani, pua imeziba, kichwa kinagonga. Alipopata nafuu alijikokota hadi mlangoni, akachuma jani la mrihani, akalisugua, akalipeleka puani kama afanyavyo kila siku.

Hapakuwa na kitu.

Akaulaumu mrihani. Alidhani mvua imeuzidia, umekuwa maji matupu. Akachuma nanaa: kimya. Akaingia jikoni Faiza akiwa nje, akapasua kitunguu. Macho yalimwasha lakini kitunguu hakikuwa na harufu. Akajaribu kitunguu saumu. Akajaribu dawa ya kuchua, ile ya kopo dogo inayotoa machozi. Iliuma tu ndani ya pua, bila neno. Mwishowe alifungua kopo la nanaa la mwaka uliopita, akatumbukiza uso wote. Alikaa kitandani na lile kopo mapajani mpaka adhuhuri.

Alijiambia itarudi. Alijifukiza, akanywa tangawizi, akaomba dua. Wiki zikapita na dunia ikabaki vile vile, kama nyumba iliyohamwa. Chakula kilikuwa moto au baridi, chumvi au sukari, basi. Lakini hilo angelivumilia. Kilichomnyima usingizi ni makopo. Watu wakijua kwamba Bi Firdaus hanusi, nani atabisha hodi tena? Faiza atachukua kabati kwa upole wake ule ule aliochukulia jiko, na yeye atabaki wa kuulizwa kama amekula. Aliapa hatamwambia mtu.

Siku moja alikaa jikoni akichagua mchele, maharagwe yakiwa motoni hapo ubavuni mwake. Faiza aliingia mbio kutoka uani, akaepua sufuria kwa upindo wa leso. Moshi ulikuwa umejaa chumba. Maharagwe yalikuwa yameungua chini, meusi ti, na Bi Firdaus alikuwa bado anapepeta mchele wake, macho kwenye ungo.

"Mama! Hukusikia hii harufu?"

Bi Firdaus aliinua uso. Ulimi ulikuwa mwepesi kama kawaida yake. "Nilisikia sana. Nilikuwa natazama utakuja saa ngapi. Mwanamke huacha chungu akaenda kupiga soga?"

Faiza alimtazama kidogo. Kisha akasema, "Nisamehe, Mama," akaanza kukwangua sufuria. Bi Firdaus aliona ameponea hapo.

Ramadhani ikawa inakaribia, nayo mvua haina habari. Mafungu ya ukumbini yalikataa kukauka. Yalining'inia siku baada ya siku, laini, mengine yakiota madoa. Zamani angejua kwa pua lipi la kuokoa na lipi la kutupa. Sasa alikuwa anakisia. Hapo ndipo alipopata wazo, na alipolipata alijiona bado ana akili zake: makaa yalikuwa yamelowa mji mzima, watu wanapikia stovu za mafuta ya taa, na stovu ina joto zuri, kavu. Akachukua stovu akaiweka stoo, akapunguza utambi, akayaning'iniza mafungu yote juu yake na kufunga mlango. Kesho yake majani yalilia kwa ukavu yalipoguswa. Aliyapukuta mazima mazima, akajaza makopo yote, akayapanga kabatini akiimba kaswida.

Ndugu yangu, sijui kama umewahi kuacha hata mkate karibu na stovu ya mafuta ya taa. Jani lililokauka hunyonya harufu kama kitambaa. Makopo yale ukiyafungua ungedhani unajaza taa.

Siku ya kwanza ya mfungo, adhana ilipolia, walifungulia tende, kisha Bi Firdaus akamimina chai kwa mkono wake, kama kila mwaka. Jamal alipeleka kikombe mdomoni. Kikasimama. Akamtazama mkewe, mkewe akatazama mkeka. Jamal akanywa kwa mkupuo mmoja, kama anywaye dawa.

"Harufu imekaa?" Bi Firdaus aliuliza. Kwake ilikuwa maji ya moto yenye sukari.

"Imekaa, Mama," alisema Jamal, macho yamemtoka. "Imekaa kweli kweli."

"Faiza?"

"Alhamdulillahi, Mama. Niongeze kidogo."

Na akaongezewa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika nyumba ile: chai iliyomiminwa na mama hainenewi. Kwa Jamal ilikuwa ni radhi. Kwa Faiza ilikuwa ni malezi ya Kathiani, ambako mkamwana hula alichopewa na mama mkwe na kusema asante. Walikunywa mafuta ya taa, watu wazima wawili, wakamshukuru Mungu, na Bi Firdaus alilala usiku ule kwa raha ambayo hakuwa ameionja tangu mafua. Kesho yake alifunga vifurushi akampa Faiza avisambaze: kwa Nduku, msikitini, kwa wagonjwa.

Hakukuja lalamiko. Zilikuja salamu, asante nyingi, na Nduku alileta maembe ya Matuu. Kufika katikati ya mwezi Bi Firdaus alishaanza kusadiki kwamba pua si kitu, kwamba mkono peke yake unatosha.

Alasiri moja alifungua kopo la nanaa ili afunge kifurushi kingine. Akatia vidole, vikasimama.

Jani analolikausha yeye, kwa kuwa linaning'inia, hujikunja. Huwa na mgongo na tumbo, na ukilishika linakuwasha kidogo kiganjani. Haya ya koponi yalikuwa bapa. Yalikuwa yamenyooka, yamepangana, mazima, rangi yake ya kijani bado imo. Yalikuwa majani mazuri, lakini hayakuwa yake. Akafungua kopo la mrihani: bapa. La mchaichai: ukanda ukanda, umenyooshwa. Akafungua kabati lote, akakaa chini sakafuni katikati ya vifuniko, magoti yakimuuma, na damu ikampanda kichwani. Mtu alikuwa amemwaga majani yake yote akaweka mengine.

Hakuwa na haja ya kuuliza ni nani. Alijiinua kwa kushika ukuta, akaenda mpaka chumba cha Jamal na mkewe. Mlango ulikuwa wazi, umeachiwa pazia. Katika maisha yake yote hakuwahi kulifunua pazia lile, maana chumba cha mwana aliyeoa si pa mama kuingia, wala siku ile hakulifunua. Lakini upepo wa mvua ulilisogeza, akaona. Godoro lilikuwa limeinuliwa upande. Faiza alikuwa amepiga magoti, pembeni yake pasi ya Jamal, na alikuwa akipiga pasi magazeti makuukuu. Gazeti lililopata joto alilitandaza juu ya vibao vya kitanda, akapanga nanaa jani moja moja, akafunika kwa lingine.

"Faiza!"

Faiza aliruka. Alitoka amefunga leso vibaya, jani limeganda kwenye mkono wake.

"Majani yangu yako wapi?"

Faiza akalibandua jani lile mkononi.

"Nakuuliza! Umeyamwaga? Nyumba hii nimekuachia jiko, nimekuachia sufuria, nimekuachia mwanangu. Vikopo vyangu navyo vimekukera nini?"

"Mama, pole. Hiyo majani ilikuwa na mafuta ya taa."

"Nani kasema?"

"Ilikuwa na harufu ya stovu, Mama. Yote."

"Nani kasema? Jamal amekunywa! Wewe umekunywa, ukaniomba nikuongeze! Nduku amepelekewa!"

"Nduku alirudisha, Mama." Sauti ya Faiza ilikuwa chini sana. "Alinipatia kwa mlango, akaniambia, 'Mama Jamal asijue, ataumia.' Hata kule msikitini walirudisha. Nikaona nitengeneze ingine. Hii mvua haiwezi kausha kitu, na nilijua hutaki jua. Sasa nikaona tukilala juu yake, ile joto yetu..." Akaona haya, akakatiza. "Jamal anasema siku hizi anaota amekuwa chai."

Siku nyingine Bi Firdaus angecheka. Alishika fremu ya mlango. Alikuwa anaelewa polepole, na kila alichoelewa kilikuwa kibaya kuliko kile cha kabla yake. Nduku alijua. Msikiti mzima ulijua. Zile salamu zote, na yale maembe.

"Tangu lini umejua?" aliuliza.

"Tangu ile siku ya maharagwe, Mama."

"Na hukusema."

"Ningeanzia wapi?"

Bi Firdaus aligeuka akaenda chumbani kwake, akafunga mlango. Magharibi alifungua saumu peke yake, kwa tende na maji. Jamal alibisha, "Mama, njoo basi tufuturu," akaambiwa aende. Faiza hakubisha, ila aliacha uji mlangoni na kikombe kimefunikwa.

Alikuwa na aibu, aibu ya kumfanya mtu atamani mvua isisombe vilima tu, imsombe na yeye. Alijiona mbele ya sinia ya futari akiuliza "Harufu imekaa?" na watoto wake wakimeza. Alilia. Alimkasirikia Faiza kwa kumficha, kisha akajaribu kufikiria Faiza angefanya nini kingine, na hapo ndipo ile siku nyingine ilipomrudia bila kuitwa: sinia, majivu, vumbi, wanawake wakifuta machozi. Binti wa watu alikuwa na wiki chache tu katika nyumba ngeni. Kosa lake lilikuwa kutaka kusaidia, nalo likamiminwa hadharani.

Na kosa la Bi Firdaus lilikuwa kubwa kuliko lile, maana majivu yaliishia kwenye sinia, lakini majani ya stovu yalipelekwa mpaka msikitini na kwa wagonjwa. Faiza alikuwa nalo mkononi, siku nyingi, na wanawake wale wale wakiwa pale pale wa kuliona. Alilichukua akalificha chini ya godoro lake mwenyewe, akalilalia.

Asubuhi Faiza alipotoka chumbani alikuta kitu kizingitini, nje ya pazia. Kilikuwa rundo la magazeti makavu, yale ambayo Bi Firdaus huyatandika ndani ya sanduku lake la nguo na hampi mtu. Juu yake palikuwa na kibunda cha nanaa iliyopanguswa umande na maji ya mvua jani kwa jani. Faiza akaviinua, akarudi ndani, akawasha pasi.

Idd ilikuja na jua la kuchungulia. Wanawake wa msikitini walijaa ukumbini, kanga na mabuibui mapya, halwa, kaimati, kelele. Bi Firdaus alikaa kwenye kiti chake karibu na kabati. Hakuwa na furaha kamili. Alikuwa anawatazama usoni mmoja mmoja, anajua wanajua, nao wanamtazama kwa upole ule unaoumiza. Faiza alizungusha chai. Watu wakavuta mvuke.

"Hiyo ndiyo nanaa," akasema mmoja, mnene, mcheshi, aliyekuwapo siku ya sinia na ambaye aliisimulia vizuri kuliko wote. Bila shaka alitaka kumtuliza mwenye nyumba. "Bi Firdaus, mkono wako haujazeeka. Mengine yale tuseme ni mvua. Halafu kuna wenzetu wa kutia majivu!"

Kicheko kikaanza, kile cha zamani, kinachojua njia yake. Faiza, sinia mkononi, naye alianza kucheka kwa adabu. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kwa Bi Firdaus. Angetabasamu tu, mambo yangekwisha: majani ya stovu yangekuwa kosa la mvua, makopo yangebaki yake, na watu wangebisha hodi kama zamani.

Akaweka kikombe chini.

"Mkono huo si wangu," alisema.

Wakadhani anajivunga.

"Nasema si wangu. Mimi sinusi. Tangu yale mafua sinusi kitu, wala mrihani, wala kitunguu, wala moshi. Yale mliyorudisha niliyakausha mimi, juu ya stovu, na sikujua. Haya mnayokunywa yamekaushwa na Faiza. Na mwenye kutaka kucheka habari ya majivu, anicheke mimi niliyeyamwaga mbele ya watu."

Mvua ilikuwa imeacha, bomba lile linavuja nje. Yule mcheshi alitazama kikombe chake. Jamal, aliyekuwa mlangoni na sahani ya kaimati, alishindwa kujua aingie au atoke. Faiza alikuwa amesimama, sinia inatikisika, vikombe vinagongana.

"Weka hiyo sinia, mwanangu, utatumwagia," Bi Firdaus alisema. "Njoo ukae hapa."

Alimsogezea nafasi pale pale kwenye kiti chake, wakabanana. Akafungua kabati, akatoa kopo la nanaa, akafungua kifuniko na kumwekea mapajani. 

"Ninusie," alisema.

Faiza akainama, akavuta pumzi. Alipoinua uso machozi yalikuwa yanamtoka, na aliyaacha yatoke, mbele ya wanawake wale wale.

"Iko na harufu gani?" Bi Firdaus aliuliza, na akauliza kwa Kiswahili cha Faiza.

"Iko na harufu yako, Mama. Vile ulikuwa ile siku nilikuja hii nyumba, ukanishika."

Bi Firdaus aliitikia kwa kichwa. Alichukua kifuniko, akalifunga kopo lisije likapoteza harufu, akaliacha mapajani mwa Faiza.